Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: rangi ya kivuko haihitaji kusubiri mradi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: USALAMA WA WAENDA KWA MIGUU KATIKA BARABARA YA STENDI HADI SOKONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii ilipaswa kuishia mezani kwako. Zilizoitangulia zilianzia kwenye mkutano wa mtaa, zikapita kwa mtendaji, zikapanda kata, na hatimaye zikafika masjala ya ofisi yako na kugongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala zenye muhuri ninazo. Majibu ya maandishi hatujapata hata moja. Ya mdomo ni mengi: faili linafanyiwa kazi, faili liko kwa mhandisi, mhandisi yuko safari. Kwa hiyo leo naandika hadharani, kwa heshima ile ile, ila sasa na wananchi wasome.

Mji wetu sitautaja. Wewe unaujua, na msomaji wa manispaa nyingine akidhani nausema mji wake, huenda hajakosea sana.

Nijitambulishe. Nina duka la vipuri vya pikipiki kando ya barabara hiyo, hatua chache kutoka geti la shule ya msingi ambako mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Yanayotokea barabarani yananifikia kaunta: foku iliyopinda, rimu iliyobonyea, tanki lililopasuka. Mwenye duka kama langu hana sababu ya kibiashara ya kulalamikia ajali, kwa hiyo naomba usinihesabu miongoni mwa wanaotafuta maslahi.

Zamani barabara hii ilikuwa na mashimo, na mashimo ndiyo yaliyokuwa trafiki wetu. Hakuna aliyeweza kukimbia. Lami ilipokuja tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Vumbi liliisha, nauli ya bodaboda ilishuka, wagonjwa wakafika hospitali bila kurushwarushwa. Lakini lami ilikuja na mwendo, na huo mwendo hakuna aliyeupangia utaratibu. Hoja zetu ni hizi.

1. Kivuko cha shule kimefutika

Mbele ya geti palikuwa na zebra. Leo ukitaka kuiona inabidi uinamie lami na uwe unajua ilipokuwa. Vimebaki vipande vya mistari miwili upande wa duka langu. Kibao chake kiling'oka, ikabaki nguzo, na nguzo hiyo sasa imefungiwa kamba ya turubai la muuza chipsi. Dereva mgeni anayeingia mjini hana namna ya kujua kwamba hapo kuna shule, labda apite wakati wa kengele.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe mtu anayevuka kwenye kivuko, na inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya mijini. Sheria ya kumpisha mtu kivukoni haina pa kushika kama kivuko hakionekani. Mtoto akigongwa pale leo, wakili wa dereva atauliza swali moja tu: kivuko kiko wapi?

Na hizo 50 zenyewe ni nyingi mbele ya shule. Naomba uchukue kalamu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka nyuma ya lori lililoegeshwa, dereva mzuri, aliye macho, asiye na simu mkononi, anahitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Mita 14 zimekwisha. Breki nazo, kwenye lami kavu, zitakula mita nyingine kama 14. Jumla 28. Anayekwenda 30 atasimama ndani ya mita 13 hivi. Yaani pale ambapo gari la 30 limeshasimama kabisa, gari la 50 halijaanza hata kupunguza mwendo, na kama mtoto yuko hapo litampiga kwa kasi yake yote. Hizi ni hesabu za lami kavu na breki nzima. Mimi nauza breki. Najua watu wanatembelea breki za namna gani.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba hakuna kinachoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Miaka mitano, Ndugu Mkurugenzi, ni mtoto wa darasa la awali. Kimo chake hakifiki boneti ya lori. Dereva hamwoni, naye hamwoni dereva. Anachokiona ni bampa.

2. Tuta liliondolewa, jingine halikuwekwa

Mwanafunzi wa darasa la pili aligongwa na bajaji mbele ya geti akavunjika mguu. Jioni ile ile wazazi walikusanyika wakajenga tuta la mawe na udongo. Silitetei tuta lile. Lilikuwa juu upande mmoja na limelala upande mwingine, halina rangi wala kibao, na usiku huohuo lilimwangusha mwenye pikipiki. Ofisi yako ilileta greda ikaliondoa kabla wiki haijaisha, na ilikuwa sahihi kuliondoa.

Kinachotushinda kuelewa ni kwamba greda la kuondoa tuta bovu lilipatikana ndani ya wiki, ila mafundi wa kuweka tuta zuri mpaka leo hawajapatikana. Ukitoka shuleni ukaelekea upande wa ofisi za serikali na nyumba za wakubwa, utakuta matuta ya kiwango: yamepakwa rangi, yana vibao pande zote mbili, na kabla yake kuna vituta vyembamba vya kumwamsha dereva. Ujuzi upo, basi. Vifaa vipo. Sitaki kuandika hapa wanayoyasema watu kijiweni kuhusu jambo hili, ila nadhani unaweza kuyakisia.

3. Njia ya miguu haina miguu

Lami ilipojengwa iliachwa njia ya waenda kwa miguu upande mmoja. Tembea hapo siku yoyote ya soko uone. Unaanza na meza za mitumba, unakuja gereji ya kuziba pancha, unakuta magari yameegeshwa matairi mawili juu ya njia, kisha mtaro ambao mifuniko yake imeibwa ikauzwa chuma chakavu. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani anashuka kwenye lami kwa sababu hana pa kupita. Jirani yangu anayetumia kiti mwendo anakwenda katikati ya barabara, malori yakimpigia honi mgongoni kana kwamba amependa.

Siwaonei wamachinga. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walihamishwa barabarani karibu nchi nzima na kupangiwa maeneo. Hapa kwetu walikwenda, wakakaa, wakarudi, kwa kuwa wateja hawakuhama nao. Kuwafukuza tena kwa marungu kutatupa wiki mbili za njia wazi na kesi za watu waliovunjiwa meza. Tunachoomba ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi: mstari wa rangi unaoacha mita moja na nusu ya kupita, na mtu wa manispaa anayepita kila asubuhi kuhakikisha mstari unaheshimiwa.

Mtu wa kupita kila asubuhi mbona yupo? Mtoza ushuru wa maegesho hakosi. Anakuja na mashine yake ya mkononi, anaingiza namba ya gari lililopanda juu ya njia ya miguu, deni linaingia, anasogea kwenye gari linalofuata. Gari limekaa mahali ambapo halitakiwi kukaa, na limeshatozwa kwa kukaa. Mfumo unaoweza kujua gari gani limeegeshwa wapi na kwa saa ngapi hauwezi kushindwa kujua kwamba pale si mahali pa kuegesha.

4. Bodaboda wameachwa wajipange wenyewe

Hapa naomba univumilie, maana hii ndiyo riziki yangu na hawa ndio vijana wangu.

Ni rahisi kuwalaumu, na mara nyingi wanastahili. Pikipiki mpya inatoka dukani na saiti mira mbili. Baada ya muda mfupi haina hata moja. Hazikuvunjika; zimefunguliwa kwa spana na mwenyewe, ili usukani upenye katikati ya daladala mbili kwenye foleni. Nikiwauliza wananijibu, "Mzee wangu, zile zinanibania njia." Kwa hiyo mtu anakata kona kuingia kituoni bila kujua nyuma yake kuna nini, na anayekuja nyuma naye hana mira. Siku za karibuni nimeanza kukataa kuuza taa za nyuma za mapambo, zile za bluu zinazomulikamulika, kwa kuwa anayemfuata hawezi kujua kama huyu anafunga breki au anasherehekea.

Lakini mwangalie kijana huyo vizuri. Pikipiki si yake, ni ya tajiri. Anapeleka hesabu kila siku, au amepewa kwa mkataba ili akimaliza kulipa iwe yake. Hesabu haiulizi kama mvua imenyesha kutwa. Jua likianza kushuka na hesabu haijatimia, mwendo unapanda na mishikaki inaanza: abiria wawili nyuma, mtoto mbele kwenye tanki, kofia ngumu moja ikining'inia kwenye usukani. Kanuni zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo ni za mwaka 2010. Tangu hapo usafiri huu umeajiri vijana wengi kuliko kiwanda chochote katika mji huu, na bado hauna hata mita moja ya barabara iliyochorwa kwa ajili yake.

Kijiwe kikubwa kiko kwenye kona ya shule. Pikipiki zimepangwa mistari miwili, wa pili ukiwa juu ya lami. Gari linalotoka mtaani haliwezi kuona linalokuja mpaka lichomoze pua barabarani. Watoto nao wanapita katikati ya pikipiki hizo ili kufika ng'ambo. Vijana hawakuchagua kona kwa ukorofi; hapo ndipo daladala linaposhusha, na mteja yuko hapo. Ukiwahamishia nyuma ya soko bila kuhamisha kituo cha daladala, kesho asubuhi watakuwa wamerudi, nami nitakuwa shahidi wao.

Kinachofanyika badala ya kupanga ni operesheni. Gari la ukamataji linatokea, vijana wanawasha na kutawanyika, wengine kinyume cha mwelekeo wa magari, tena mara nyingine ni muda uleule watoto wanatoka shule. Wachache wanakamatwa. Faini yao ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, uamuzi niliouunga mkono kwa sababu nilikuwa naona vijana wakinikopa breki ili walipe faini. Wanalipa, wanarudi, kijiwe kinakuwa kilekile. Tofauti ni kwamba waliokamatwa sasa wana shilingi 10,000 zaidi za kukimbizana nazo jioni.

Kijiwe kile kina mwenyekiti, katibu, katiba na daftari la wanachama. Kinazika wanachama wake na kinachangishana mmoja akiumia. Hicho ni chombo tayari. Waite mezani, wape mahali kama mita 40 mbele ya kona, penye kivuli na mstari, mkubaliane nani anasimamia. Watakusikiliza wewe kuliko watakavyomsikiliza askari mwenye rungu.

5. Kituo cha daladala na taa

Hii ni fupi. Kituo kiko mara tu baada ya njia panda na hakina pa kuingia, kwa hiyo daladala linasimama kwenye lami na yanayofuata nyuma yanalipita kwa kuvuka mstari. Na taa za njia panda umeme ukikatika zinazimika, hakuna anayekuja kuongoza magari, kila dereva anajifanyia sheria. Taa za barabarani kati ya shule na soko zilizimika moja baada ya nyingine, na hakuna iliyorudishwa.

6. Hakuna anayeweka kumbukumbu

Majeruhi wa ajali anayekwenda kutibiwa anapitia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu. Maana yake ajali nyingi zimeandikwa mahali, zina tarehe na jina la eneo. Hospitali nayo ina daftari lake. Lakini ofisi yako, yenye idara ya mipango miji na ramani za kila kiwanja, haina ramani yenye nukta kila mahali palipoanguka mtu. Bila ramani hiyo, mnapokaa kugawa matuta mnagawa kwa kubahatisha, au kwa kuangalia nani amepiga simu. Kazi yenyewe ni ya karani mmoja na daftari, na tungeanza nayo hata kabla ya rangi kama ingetubidi kuchagua.

Ndugu Mkurugenzi, najua utakayoshauriwa kunijibu.

Utaambiwa useme *barabara si yetu*. Mgawanyo wa kazi naufahamu: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zilikwenda TARURA. Ni mgawanyo wenye maana yake. Lakini shule ni yako. Soko ni lako, na stendi ni yako. Meza za barabarani zinalipa ushuru kwako. Leseni ya biashara ya gereji inayofanyia kazi juu ya njia ya miguu imetoka kwako. Katika hoja sita nilizoandika, tatu huhitaji kumwomba mtu yeyote ruhusa, na tatu zinahitaji barua ya ukurasa mmoja kutoka kwako kwenda kwa mwenzako ambaye ofisi yake iko katika mji huuhuu. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inakaa kwenye faili. Ya Mkurugenzi inajibiwa.

Utaambiwa *hakuna fedha*. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Kijana wa bodaboda akiweka lita mbili asubuhi, ameshachangia shilingi 200 kabla hajapata abiria wa kwanza, na hiyo ni nyongeza peke yake, mbali na tozo ya mafuta iliyokuwepo. Sisemi fedha hizo ziko kwenye droo yako. Nasema wanaovuka barabara hii wameshalipa, na wanayo haki ya kuuliza. Tena kupaka rangi kivuko kimoja na kujenga matuta mawili si kazi ya kuingizwa kwenye mpango wa miaka mitano.

Utaambiwa *mradi mkubwa unakuja*. Tumesikia habari za TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu katika miji 45, na kila mtu mjini anaujua kwa jina hata asiyejua ni wa nini. Uje, tutaupokea. Lakini uzoefu wetu na lami ya kwanza unatufanya tuwe na wasiwasi badala ya subira: barabara pana zaidi na nyororo zaidi, isiyo na vivuko vilivyoinuliwa wala njia ya miguu yenye kingo, italeta mwendo mkubwa zaidi mbele ya geti lilelile. Kama michoro ipo, tuonyeshwe sasa, wakati bado inarekebishika kwa kalamu.

Kuna watakaokukumbusha kwamba matuta yanachelewesha magari ya wagonjwa. Yanachelewesha, kwa sekunde kadhaa. Matuta mapana yenye mteremko mrefu yanapitika bila kumrusha mgonjwa, na matuta ya upande wa ofisi za serikali ni ya aina hiyo hasa.

Halafu lipo hili linalopendwa kuliko yote: *wananchi hawana nidhamu, wanahitaji elimu*. Elimu tunapata. Kila mwaka inakuja Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, tunanunua stika, tunabandika kwenye kioo, bendi inapiga, mgeni rasmi anahutubia. Sina ubaya na wiki hiyo. Ila mtoto wa miaka saba huwezi kumfundisha aone kivuko kisichokuwepo, na dereva wa lori hatasoma stika ya gari la mbele ili ajue kuna shule.

Kinachofanya kazi kinajulikana, na hakikuvumbuliwa Ulaya. Dar es Salaam shirika la Amend lilianzisha mpango unaoitwa SARSAI, ambao kazi yake ni kukagua maeneo ya shule za msingi zilizo kando ya barabara na kurekebisha kinachoonekana kwa macho: njia ya miguu, matuta, vivuko na vibao, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda njiani, na mahali pengine geti la shule kuhamishwa kutoka barabara yenye magari mengi kwenda ya pembeni. Vitu vya bei ndogo. Magari yalipunguza mwendo, na tathmini ilionyesha kwamba watoto wanaoumia katika maeneo hayo walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya mageuzi ya miji inayotolewa na taasisi ya utafiti ya WRI, ukiishinda miradi ya miji mingine ya dunia. Ulianzia kwetu, Ndugu Mkurugenzi. Hao wanafunzi hawakubadilishwa nidhamu. Kilichobadilishwa ni barabara.

Kuhusu geti, hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu hili halijawahi kuingia kwenye barua zetu za nyuma na huenda ndilo rahisi kuliko yote. Shule yetu ina ukuta unaogusa mitaa miwili. Upande wa nyuma kuna kichochoro ambacho gari haliwezi kupita kwa kasi hata likitaka. Watoto zaidi ya nusu wanatoka upande huo wa nyuma, na sasa wanazunguka mpaka mbele kwa sababu ndiko geti liliko. Kamati ya shule imezungumza na mwalimu mkuu, fundi wa kuchomelea yuko mtaani, na wazazi wako tayari kuchangia geti la chuma. Kinachokosekana ni kibali cha kubomoa kipande cha ukuta wa shule ya serikali. Kibali hicho kinatoka ofisini kwako na hakina gharama yoyote zaidi ya wino.

Tunachoomba, basi, ni hiki. Kivuko cha shule kichorwe upya na kibao kirudi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Likizo ya Desemba inatosha. Matuta mawili ya kiwango yawekwe kabla na baada ya geti, pamoja na kibao cha kilomita 30. Kibali cha geti la nyuma kitolewe. Kituo cha daladala na kijiwe cha bodaboda vipangwe upya kwa pamoja, wahusika wakiwa wamekaa kikao kimoja, maana ukihamisha kimoja umefanya kazi ya bure. Mitaro ifunikwe kwa zege, ambayo haina soko la chuma chakavu. Magari yaliyo juu ya njia ya miguu yaache kutozwa ushuru na yaanze kuondolewa. Na ramani ya ajali ianze, hata kama ni kwa penseli, iwasilishwe kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ili madiwani wagawe matuta wakiwa na kitu mbele yao.

Kwa upande wetu, wazazi tumeshajiorodhesha kusimama zamu asubuhi na mchana kuvusha watoto. Fulana za kuakisi mwanga tutanunua wenyewe. Tunaomba trafiki wa wilaya atupe mafunzo na utambulisho, ili mzazi akinyoosha mkono asitukanwe na konda. Rangi hatutapaka wenyewe na tuta hatutajenga tena, tulishaona lilivyokwenda.

Jibu tunaliomba ndani ya siku 30, kwa maandishi, likiwa na tarehe na jina la ofisa atakayesimamia kila jambo. Likifika nitalibandika mlangoni mwa duka, pembeni ya orodha ya bei, walisome wote. Lisipofika, kamati ya shule imekubaliana kuhudhuria kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, ambacho kwa utaratibu ni cha wazi, na diwani wetu ameahidi kuuliza swali hili akiwa na nakala za barua zetu zote zenye muhuri wako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya shule, muuza vipuri
Barabara ya Stendi hadi Sokoni

Nakala:
Mstahiki Meya
Mkuu wa Usalama Barabarani, Wilaya
Ofisa Elimu, Shule za Msingi
Diwani wa Kata
Mwenyekiti, kijiwe cha bodaboda, Kona ya Shule